Rumah Besar, Kamar Kecil: Nyumba Inavyosimuliwa kwa Kiindonesia

Tangazo la nyumba inayouzwa Jakarta huwa fupi. Aghalabu husomeka hivi: “Dijual rumah minimalis, LT 72, LB 36, KT 2, KM 1, SHM, bebas banjir, siap huni.” Mstari mmoja, basi. Mnunuzi wa huko akishausoma anaijua nyumba karibu yote: ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba, aina ya hati, na kama mvua za Januari zitamlazimisha kupandisha magodoro juu ya kabati.

“Dijual” ni inauzwa, na “rumah” ni nyumba. LT ni “luas tanah”, ukubwa wa kiwanja, ambao hapa ni meta 72 za mraba. LB ni “luas bangunan”, ukubwa wa jengo lenyewe, meta 36. KT ni “kamar tidur”, chumba cha kulala; KM ni “kamar mandi”, bafu. SHM ni hati ya umiliki kamili, ambayo kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1960 mtu binafsi haipati asipokuwa raia wa Indonesia. Halafu yanakuja maneno ya mwisho, nayo ndiyo yanayouza nyumba: “bebas banjir”, haifikiwi na mafuriko, na “siap huni”, tayari kuhamiwa.

Jakarta imekatwa na mito 13, na sehemu ya kaskazini ya jiji iko chini ya usawa wa bahari. Mafuriko yaliyoanza siku ya kwanza ya mwaka 2020 yaliua watu zaidi ya 60 jijini na katika vitongoji vyake. Kwa hiyo dalali wa huko hapotezi nafasi ya tangazo kuisifu nyumba kuwa nzuri. Uzuri mnunuzi atauona mwenyewe akifika. Asichoweza kukiona mchana wa jua kali ni maji, na hilo ndilo analotaka kuambiwa kwanza.

Anayejifunza Kiindonesia hukutana na nyumba mapema sana. Katika madarasa ya wageni, ambayo Indonesia huyaita BIPA, kuieleza nyumba yako ni miongoni mwa mazoezi ya mwanzo mwanzo, na sababu yake inaeleweka: nyumba ina vitu vingi vya kutaja na sifa nyingi za kuvipa. Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia katika zoezi hilo akiwa na faida ambayo Mwingereza au Mchina hana. Kwa Kiindonesia nomino hutangulia na kivumishi hufuata, kama kwetu. “Rumah besar” ni nyumba kubwa, neno kwa neno. “Pintu baru” ni mlango mpya, “dapur bersih” ni jiko safi, “rumah saya” ni nyumba yangu, “rumah ini” ni nyumba hii. Hata herufi hazisumbui, maana nyingi husomwa zilivyoandikwa. La kukumbuka ni kwamba “c” hutamkwa “ch”, hivyo “kecil”, yaani dogo, husomwa “kechil”.

Tofauti iko kwenye ngeli. Kiswahili hakikubali kivumishi kikae bila kuvaa kiambishi cha bwana wake: mlango mkubwa, chumba kikubwa, madirisha makubwa, ukuta mkubwa. Kiindonesia hakina habari hiyo. Ni “pintu besar”, “kamar besar”, “jendela besar”, “tembok besar”, na “besar” haibadiliki hata chembe. Wala umoja na wingi hauiongezei kiambishi.

Mtu angedhani basi kazi imekwisha: weka nomino, weka kivumishi, endelea na safari. Lakini lugha isiyotumia viambishi vya upatanisho lazima itafute namna nyingine ya kuonyesha neno gani linashikamana na lipi. Kiindonesia huonyesha kwa mpangilio. “Rumah besar ini” ni nyumba hii kubwa, na anayesikia bado anangoja aambiwe imefanya nini au imepatwa na nini. “Rumah ini besar” ni sentensi kamili: nyumba hii ni kubwa. Hakuna “ni” iliyoongezwa. Kilichobadilika ni mahali pa “ini” tu.

Kisha kuna “yang”, neno dogo linalofanya kazi ya amba- yetu, na hakuna mahali linapoonyesha nguvu yake kama chooni. “Kamar” ni chumba na “kecil” ni dogo, lakini “kamar kecil” si chumba kidogo. Ni choo, kwa lugha ya heshima. Anayetaka kusema kweli kwamba chumba chake ni kidogo huingiza “yang”: “kamar yang kecil”, chumba ambacho ni kidogo. Mkato huo unarudi kila mahali. “Sakit” ni kuugua, lakini “rumah sakit” ni hospitali. “Orang tua”, mtu mzee, kwa kawaida humaanisha wazazi, ilhali “orang yang tua” ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Nomino na kivumishi vikikaa pamoja muda mrefu bila chochote kati yao, huungana vikawa jina la kitu kingine, na “yang” ndiyo huvitenganisha tena.

Neno hilo hilo humsaidia mgeni anayetafuta nyumba mtaani. Akiulizwa “rumah yang mana?”, nyumba ipi, anaweza kujibu “yang besar”, ile kubwa, au “yang pagarnya hijau”, ambayo uzio wake ni wa kijani. Sentensi hii ya mwisho imejengwa kama ya Kiswahili kabisa, hadi kwenye “-nya” inayosimama badala ya “wake”. Na “-nya” ndiyo roho ya mazungumzo ya kila siku kuhusu nyumba. Mtu aliyekwenda kuona nyumba ya kupanga huwasimulia wenzake hivi: “Rumahnya kecil, tapi halamannya luas, kamarnya tiga, airnya bagus.” Nyumba yenyewe ndogo, lakini uwanja wake mpana, vyumba vyake vitatu, maji yake mazuri.

Kiambishi kingine cha kujua ni “ber-”, ambacho kwa nyumba hufanya kazi ya -enye. “Atap” ni paa na “seng” ni bati, neno walilolichukua kwa Waholanzi; “rumah beratap seng” ni nyumba yenye paa la bati. “Rumah berdinding bambu” ni nyumba yenye kuta za mianzi. “Rumah berhalaman luas” ni yenye uwanja mpana. Waandishi wa magazeti na wa riwaya wanaipenda njia hii kwa sababu inaibana sifa nzima ndani ya neno moja au mawili.

Kwenye namba lazima mtu awe macho. Kinyume na Kiswahili, namba ya kuhesabu hutangulia: “dua kamar” ni vyumba viwili. Ikija nyuma hugeuka kuwa cheo katika mfuatano, kwa hiyo “kamar dua” ni chumba namba mbili. Kwa ghorofa jambo hili huleta mkanganyiko wa kweli. “Lantai” ni sakafu. “Rumah dua lantai” ni nyumba ya sakafu mbili, ya chini na ya juu, ile ambayo Dar es Salaam au Nairobi wangeiita ya ghorofa moja. “Lantai dua” ni ile sakafu ya juu, kwa kuwa kwa hesabu iliyozoeleka huko “lantai satu” ndiyo iliyo usawa wa barabara. Mpangaji wa Afrika Mashariki aliyeambiwa chumba chake kiko “lantai tiga” atapanda ngazi mara mbili tu, ingawa huenda alijiandaa kupanda tatu.

Wingi nao unaweza kuonyeshwa kwa kurudia neno: “rumah-rumah” ni nyumba nyingi. Kinachovutia ni kwamba kivumishi pia hurudiwa, tena kwa maana ile ile tuliyoizoea. “Rumah di sana besar-besar”, nyumba za kule ni kubwa kubwa. Lakini si kila urudufu ni wingi. “Langit” ni mbingu, ilhali “langit-langit” ni dari.

Ndani ya nyumba, Kiindonesia hutofautisha aina mbili za nafasi. “Kamar”, kutoka Kiholanzi, ni chumba chenye mlango wa kufungwa: cha kulala, cha kuogea. “Ruang” ni nafasi ya pamoja: “ruang tamu”, mahali pa wageni, ndiyo sebule, “ruang makan”, mahali pa kulia chakula, “ruang keluarga”, mahali pa familia. Vyote vimeundwa kwa kulaza neno kando ya neno. Kiswahili kinahitaji “cha” au “pa” katikati, Kiindonesia hakihitaji kitu: “kamar tidur” ni chumba-lala, “kamar mandi” ni chumba-oga. Samani zina historia yake pia. Meza kwao ni “meja”, nasi na wao tumelipata neno hilo kwa Wareno, waliotia nanga Mombasa na Maluku katika miongo ile ile.

Jiko ni “dapur”, na hapa vivumishi viwili vya kawaida vimefanya kazi kubwa. Nyumba za watu wenye uwezo siku hizi huwa na “dapur bersih” na “dapur kotor”: jiko safi na jiko chafu. Jiko chafu halina uchafu wowote. Ni lile la nyuma, lenye hewa ya kutosha, ambako samaki hukaangwa, pilipili na vitunguu hutwangwa na moshi wa mafuta huachwa utoke. Jiko safi liko karibu na mahali pa kulia, nalo ni la kuchemshia chai, kupashia chakula moto na kupangia sahani. Anayeambiwa “nyumba ina jiko chafu” katika tangazo anaelezwa sifa inayopandisha bei.

Katika nyumba za zamani jiko na choo vilikaa nyuma kabisa, na lugha haijalisahau hilo. Mpaka leo mgeni mwenye adabu anayetaka kujisaidia huomba ruhusa ya kwenda “ke belakang”, nyuma, hata kama choo cha nyumba hiyo kiko mbele ya macho yake. Mtu wa pwani anayeaga kwamba anakwenda uani ameupitia uficho huo huo, kwa sababu ile ile ya ramani ya nyumba.

Vivumishi vya hali ya hewa ya ndani ni vingi na ni vya lazima katika nchi ya joto na unyevu. “Sejuk” ni yenye ubaridi wa kupendeza. “Pengap” ni chumba kilichofunga hewa, kinachombana mtu pumzi. “Terang” ni yenye mwanga, “gelap” ni yenye giza. Kutoka Kijava limeingia “adem”, ambalo ni ubaridi na utulivu kwa pamoja: nyumba “adem” ni ile ambayo ngozi inapoa na moyo pia. Na “asri”, nalo la Kijava, ni uzuri wa kutazama, ambao watu huuhusisha na miti, majani na bustani iliyotunzwa. Kuna pia maneno ya upande wa pili: “sempit”, finyu, “reyot”, inayolemaa na karibu kuanguka, “kumuh”, neno la maofisa na waandishi kwa mitaa iliyosongamana na kukosa huduma. Hili la mwisho linastahili tahadhari. Wanaoishi kwenye “gang sempit”, vichochoro vyembamba vya Jakarta, huita mtaa wao “kampung”, neno lenye heshima ya nyumbani, na ni haki yao.

Kivumishi huongezwa uzito kwa njia mbili: “sangat” mbele yake au “sekali” nyuma yake. “Sangat sederhana” na “sederhana sekali” zote ni ya kawaida mno, isiyo na makuu. Serikali iliitumia ya kwanza kutaja daraja la nyumba za bei nafuu, “Rumah Sangat Sederhana”, kwa kifupi RSS. Nyumba hizo zilikuwa ndogo sana, na wananchi wakaurefusha ufupisho huo kwa kuongeza S juu ya S: nyumba ya kawaida mno mno, hata kunyoosha miguu tu ni taabu, “sampai selonjor saja susah”. Watu hawakuhitaji kuandika barua ya malalamiko. Waliongeza vivumishi.

Nyuma ya mzaha huo kuna juhudi kubwa. Shirika la nyumba la taifa, Perumnas, lilianzishwa mwaka 1974, na mwaka 1976 benki ya BTN ikaanza kutoa mikopo ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Hapo ndipo lugha ya “tipe” ilipokolea: “tipe 21”, “tipe 36”, “tipe 45”, namba ikiwa ni meta za mraba za jengo. Mwindonesia akisikia “tipe 36” haulizi zaidi. Anaona vyumba viwili vya kulala, bafu moja na sebule inayopokea wageni wachache. Wengi hununua nyumba ya namna hiyo kisha huiongeza kila fedha inapopatikana: jiko nyuma, chumba cha mtoto, sakafu ya juu. Hiyo ni “rumah tumbuh”. “Tumbuh” ni kumea, kama mche unavyomea, na sijui neno lililo sahihi zaidi kwa ujenzi ambao mamilioni ya familia, huko na huku kwetu, wanaufanya kwa miaka bila kuuita chochote.

Kiindonesia chenyewe ni nyumba iliyochaguliwa kwa makusudi. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana kutoka visiwa mbalimbali waliapa kuwa na nchi moja, taifa moja na kuienzi lugha moja ya umoja, na lugha waliyoitaja ilitokana na Kimalei, lugha ya bandari na biashara, si Kijava kilichokuwa na wasemaji wengi kuliko zote. Kwa upande wa makazi, uamuzi huo una matokeo yanayosikika hadi leo. Kwa Kijava nyumba ni “omah” ukiongea na rika lako, “griya” ukiongea kwa adabu, na “dalem” ukiitaja nyumba ya mtu unayemheshimu. Kukosea ngazi ni kumkosea mtu. Kwa Kiindonesia, rais na mwendesha bajaji wanaweza kusema “rumah saya” na neno likawatosha wote wawili. Nchi yenye lugha zaidi ya 700, ambayo sensa ya 2020 iliihesabu kuwa na watu milioni 270.2, imefaidika sana na usawa huo.

Lugha za makabila hazikupotea, na majina ya nyumba za asili yanaonyesha kwamba mpangilio wa nomino na kivumishi ni wa zamani kuliko Kiindonesia. Wa-Minangkabau wa Sumatra Magharibi wana “rumah gadang”, yenye paa lililopinda kama pembe za nyati, ambayo hurithiwa kwa upande wa kike. “Gadang” kwa lugha yao ni kubwa. Jumba la Pagaruyung, lililoungua kwa radi Februari 2007 na kujengwa upya, huitwa Istano Basa, na “basa” pia ni kubwa. Katika kisiwa cha Nias, nyumba ya mtemi ni “omo sebua”, nyumba kubwa tena. Mwaka 1975 serikali ilifungua bustani ya Taman Mini jijini Jakarta ili nyumba za mikoa yote zionekane mahali pamoja, na jina lake kamili linamalizikia kwa kivumishi: Taman Mini Indonesia Indah. “Indah” ni lenye kupendeza. Kivumishi hicho hicho kimo kwenye Pondok Indah, mtaa wa matajiri kusini mwa jiji. “Pondok” ni kibanda.

Kibanda hicho cha jina kina mizizi katika adabu. Mwindonesia anayemkaribisha mtu kwake mara nyingi huiita nyumba yake “gubuk”, kijumba duni, hata kama ina vigae vya kung’aa na magari mawili uani. Nyumba ya mgeni mheshimiwa, kinyume chake, huitwa “kediaman”, makao, na ndivyo magazeti yanavyoandika kuhusu mawaziri na masheikh. Mgeni aliyealikwa “gubuk” hatarajiwi kulikubali neno hilo wala kulipinga. Hutazama sebule, huisifu bustani, na kusema “rumahnya nyaman sekali”, nyumba yenyewe inastarehesha kweli, kabla hajaketi na kuletewa chai.